Baraza Lenye Kufuli

Kwa Fairuz, 9 Novemba 2024

Kwa Chirau wa Majengo.

Assalam aleikum. Mimi mzima. Kama nawe u mzima, alhamdulilahi, ingawa hukustahili nikuulizie.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke mwandiko. Chuoni nilitoka mapema kwa sababu mwalimu aliona nimeshajua. Simu ninayo, kubwa, binti yangu Fairuz kaninunulia. Lakini kanikataza kusema siasa ndani yake, na mimi bila siasa sina la kuzungumza na wewe. Muuguzi mwenzake anarudi Mombasa kwa likizo, ndiye atakayekuletea. Jina la mji huu pia kanikataza kuliandika. Wewe andika “kwa Fairuz”, umpe msafiri, itafika.

Sasa nikwambie mji. Barabara imenyooka kama rula. Taka huioni. Umeme haukatiki, nimeungoja ukatike tangu nifike, mpaka nimechoka kungoja. Gari likimwona mtu wa miguu lasimama lenyewe. Na kimya, yakhe! Tangu nishuke ndege sijasikia mtu akibishana na mwenziwe. Nikamwambia Fairuz, hawa ndio watu. Sisi wa mtaa wa Kuze tumeharibiwa na midomo, na mdomo wa kwanza ni wa Chirau.

Sijasahau. Juu ya baraza langu, jiwe alilolijenga babu yangu mbele ya nyumba yangu, na kikombe cha kahawa yangu mkononi, ulisema mbele ya watu kwamba lango nililoitengenezea madrasa limelala upande. Watu wakacheka. Kiti mwashi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi, Mzamil Shukri, niliyetia grili nusu ya madirisha ya Kuze! Wezi wananijua kwa jina.

Ndiyo maana nikalizungushia baraza vyuma, kutoka ukingo wa jiwe mpaka juu, nikatia mlango na kufuli. Ufunguo ninao hapa shingoni. Usidhani nilisahau kuuacha. Mtu akitaka kukaa nje aseme, akajenge nyumba yake. Wala usijaribu kukata. Chuma kile nakijua mimi. Msumeno wako utalia kabla hujafika nusu.

Mimi, Mzamil Shukri, fundi.


Majengo, 1 Desemba 2024

Kwa Mzamil, fundi wa malango yaliyolala.

Waaleikum salam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kubahatisha.

Lango bado limelala. Tusije tukaambiwa tunakusingizia, Kiti alikuja na timazi yake ya uashi akaliteremshia uzi pale pale, na mwalimu wa madrasa akiwa shahidi. Uzi ulikwenda njia yake na lango likaenda yake.

Kuhusu baraza. Ulipolifunga tulisimama siku za mwanzo hapo ukutani kama kunguru. Lakini magoti yetu si ya kusimama, wewe wajua. Mimi nimeyaacha bandarini, kwenye ngazi za kreni. Sasa kila mtu yuko kwake. Mzee Fuad hukaa na televisheni mchana kutwa, na mkewe amekuja kuniuliza kama nina mahali pa kumpeleka. Muuza kahawa hapiti tena kichochoro chako. Kiti amejaribu kwenda Liwatoni akazungumze na wavuvi, lakini wavuvi wana kazi. Mtu anayeparua samaki hawezi kukusikiliza sawasawa.

Habari nyingine ndogo. Mheshimiwa wa wadi alipita kukagua mtaro. Kiti akamwambia usoni: “Mheshimiwa, mtaro huu umeshachimbwa na kuchimbuliwa, na maji bado hayajakubali kuufuata. Au maji nayo yangoja kitu kidogo?” Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, akampa Kiti mkono, akaenda zake. Mtaro ni ule ule. Lakini siku hiyo Kiti alilala vizuri.

Unasema hapo watu hawabishani. Makaburini pia hawabishani, na sijaona mtu akiwasifu.

Tuma ufunguo.

Chirau


Kwa Fairuz, 5 Januari 2025

Kwa Chirau.

Ufunguo sitoi. Timazi ya Kiti mwenyewe aliiokota, mwambie.

Nina habari. Kwanza ujue kwamba Fairuz hutoka kwenda hospitali alfajiri, hurudi jioni, hula, hulala. Jirani wa mkono wa kulia sijamwona uso mzima. Ijumaa moja nilimgongea nimpe mahamri. Akafungua mlango upana wa kidole, akachungulia, akafunga. Mahamri nikayala mwenyewe. Yalikuwa mazuri. Niliyapika mimi.

Basi nikafanya kama kwetu. Chini ya jengo, karibu na maegesho, pana ukingo wa saruji, mpana, ni baraza kasoro jina. Nikateremka na chupa ya kahawa yenye tangawizi, na vikombe. Siku ya kwanza nilikunywa peke yangu. Siku ya pili akaja Levi, soja wa jengo, mtoto wa Kenya, wa bara lakini mamake yuko Changamwe. Levi akawaleta wenziwe: dereva wa Kihindi, wafagiaji, na Mbangala mmoja, mtu wa Bangladeshi, asiyejua neno la Kiswahili ambaye hucheka pale pale tunapocheka sisi. Sasa hawanikosi jioni. Unaona? Hata ugenini mimi ni mtu wa watu.

Nimewasimulia baraza la Kuze. Nimewaambia pale hukaa mtu yeyote, tajiri na hamali, akasema lolote juu ya yeyote, na hakuna wa kumfunga mdomo. Levi akanambia siku akirudi atakuja alione. Nikamwambia njoo, ulizia Mzamil, hata kuku watakuonyesha.

Huyu Levi ana neno lake. Mamake ni mgonjwa. Likizo yake imeandikwa kwenye mkataba, lakini bosi wake ameikalia pasipoti yake. Nikamuuliza, wewe mwanamume mzima, vipi mtu akukalie karatasi yako? Mfuate. Muulize mbele ya watu, maana mtu mbele ya watu huona haya. Sisi chifu tulimfanya hivyo hivyo, na mambo yakanyooka.

Akasema, “Mzee, huku hawaulizwi.”

Nikamwambia basi vaa buibui. Wote wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini si sana.

Mzamil Shukri, fundi, na sasa mwenye mabaraza mawili.


2 Februari 2025

Ami Chirau, shikamoo.

Natumai nyote nyumbani hamjambo. Baba hajambo. Hajui kama nakuandikia, na barua hii nakuomba uichome ukishaisoma.

Yule Levi anayekutajia kwenye barua zake alimuuliza bosi wake kuhusu pasipoti mbele ya wafanyakazi wenzake, wakiwa wanangoja gari la kuwarudisha kambini. Nasikia alimuuliza kwa adabu. Jioni hiyo alichukuliwa. Baadaye nikaitwa mimi.

Walikuwa watu wawili, wapole, wakanipa maji ya kunywa. Wakaniuliza baba yangu ni nani, pale chini hukaa na kina nani, huzungumza nini. Wenyewe tayari walikuwa wanawajua mmoja mmoja wote waliokaa pale. Nikasema ni mzee, amezoea kunywa kahawa. Wakasema kahawa haina ubaya. Nimetia sahihi kwamba hatakaa tena nje na watu. Kibali changu cha kazi kitatazamwa upya mwezi wa nne. Nikinyimwa tutarudi sote wawili, na huko kazi sina.

Baba nimemwambia kwamba mwenye jengo hataki watu karibu na magari, na kwamba Levi amehamishwa. Vikombe nimevificha.

Nakuomba, Ami, mwandikie arudi, kwa neno lako, si kwa langu. Nikimwambia mimi sababu, atateremka kwenda kuwatafuta wale wawili awape nasaha.

Mwanao, Fairuz


Kwa Fairuz, 20 Februari 2025

Kwa Chirau.

Barua yako ya mwisho imefika. Unasema nirudi kwa sababu paa la ukumbi wangu linavuja. Paa lile nililitia bati mimi, halivuji. Una lako jambo.

Levi amehama. Fairuz asema kapelekwa jengo jingine. Si neno, lakini mtu huaga. Nimemnywesha kahawa yangu, nimemwita mwanangu, kisha aondoka kama mwizi. Nadhani lilimchoma lile la buibui. Watu wa siku hizi ngozi zao laini. Wewe na yeye mngefaana.

Wale wengine nao wamegeuka. Dereva wa Kihindi nikimpungia mkono hutazama viatu vyake. Yule Mbangala nilimfuata mpaka ndani ya lifti nimuulize nimemkosea nini. Akaweka kidole midomoni, akanishika bega, akashukia ghorofa isiyo yake.

Ukingo wangu wameupangia vyungu vya maua, vya saruji, vizito, karibu karibu, hata paka hapati pa kukaa. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Aliyeipanga ni fundi. Soja mpya amesimama hapo kando. Nimemsalimia kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Pengine hana ulimi.

Fairuz hanitazami usoni. Nikamuuliza, hivi huku mtu akitaka kubishana huenda wapi? Akasema, “Baba, kula.”

Si kwamba nimechoka. Mimi sichoki. Lakini niambie, lile lango mmelitazama tena? Mwasema limelala upande upi?

Mzamil


Majengo, 16 Machi 2025

Mzamil,

Ramadhani karim. Lango limelala upande wa kulia, ukiwa unatoka.

Nilikuwa nimeombwa ninyamaze juu ya jambo. Nimejaribu, nikakuandikia habari za paa. Lakini jambo lenyewe limekuja kwa miguu yake mpaka Kuze.

Juzi baada ya alasiri mimi na Kiti tulikuwa tumeegemea ukuta wako. Akaja kijana mrefu, amebeba mfuko wa nailoni, hana kingine. Akatuamkia. Akauliza kwa Kiswahili chao cha bara, “Hapa ni kwa mzee Mzamil? Natafuta ile baraza yake.”

Kiti akanyoosha kidole.

Kijana akavitazama vyuma, juu mpaka chini. Akalishika kufuli, akaligeuza, akaliachia. Akasema, “Ni hii?”

Nikamwambia ndilo hilo.

“Alituambia hukaa mtu yeyote.”

Kiti unamjua, mdomo wake hauna breki. Siku ile aliinama akajifanya anatengeneza kiatu chake.

Levi hakuhamishwa. Alimuuliza bosi wake mbele ya watu, kama ulivyomshauri. Wakamchukua jioni ile. Walimweka ndani, kisha wakamtia kwenye ndege na nguo alizovaa. Mamake amemkuta hai, kwa hilo tushukuru. Hakukuaga kwa sababu hakupewa nafasi ya kuaga. Wenziwe hawakukasirikii, wana kazi zao na wanataka kubaki nazo. Na binti yako aliitwa, akaulizwa habari zako, akatia sahihi kwamba hutakaa nje tena. Mwezi ujao wanatazama kibali chake. Vile vyungu vya maua ni vyako, vimepangwa kwa ajili yako. Sasa umejua. Usimfokee mtoto, alitaka kukuhifadhi.

Wala usirudi ukidhani huku ni peponi. Mwaka jana vijana wa hapa Majengo walioandamana walibebwa kwa gari lisilo na namba, na mmoja wao mamake angali anamtafuta. Mimi sikudanganyi kwamba sisi tuko huru na wao wamefungwa. Tofauti ninayoiona ni ndogo. Yule kijana aliyebebwa jina lake twalitaja kila siku, kwa sauti, hata mbele ya kituo cha polisi. Tungelitaja na juu ya jiwe lako, tumekaa, mahali watu wanapopita. Lakini jiwe lako lina kufuli, na wewe ndiwe uliyelitia.

Chirau


Kwa Fairuz, 25 Machi 2025

Chirau,

Ufunguo huo hapo ndani ya kitambaa. Fungua. Levi umkalishe mwisho kule penye kivuli, mahali pangu.

Fairuz sijamwambia kama najua. Ameniuliza kwenye futari mbona nimekwisha maneno. Nikamwambia nakula.

Mzamil


Majengo, 3 Aprili 2025

Mzamil,

Idi mubarak. Ufunguo umefika. Sikufungua.

Nilishauriana na Kiti na mzee Fuad, na Levi tulimwita. Mlango wenye ufunguo ni mlango wa mwenye ufunguo. Leo umehuzunika, wafungua. Kesho tukikucheka, wafunga. Bosi wa Levi naye angempa pasipoti siku akiamka vizuri. Hatuitaki hisani yako.

Kama unarudi, rudi na nguvu za kukata chuma.

Chirau


Kuze, 21 Aprili 2025

Kwa binti yangu Fairuz.

Assalam aleikum. Nilifika salama. Muuguzi mwenzako atakupa barua hii pamoja na achari ya maembe. Usile yote siku moja.

Nimesikia kibali chako kimepita. Alhamdulilahi. Hukunambia kama ni kwa sababu nimeondoka, nami sikuulizi. Nilijua tangu Machi, Chirau aliniandikia. Nilikuwa nikikutazama unavyowasha televisheni nisipate kukuuliza. Ulifanya kazi yako kama fundi.

Siku ya pili baada ya kufika nilitoka na msumeno na tindo. Nilikuwa nimesema hapana anayeweza kukata chuma kile, na kweli hapana, ila aliyekitia. Nilianza asubuhi. Watu wakajaa kichochoroni kama kuna harusi. Kiti akauliza kama nataka timazi nikate kwa kunyooka. Nilikata nusu ya kwanza, mkono ukafa ganzi. Levi, ambaye alikuwa amesimama mbali, akaja akazishika nondo zisitikisike. Chirau amemtafutia kibarua Liwatoni, hupakua samaki. Alinuka barafu na samaki, nami nikanuka kutu. Tukafanya kazi mpaka adhuhuri.

Nondo ya mwisho ilipoanguka nilimwambia Levi akae. Akakaa. Nikammiminia kahawa. Nikamwambia nilimshauri kama mtu aliye Kuze, na yeye hakuwa Kuze. Akanywa, akaweka kikombe. Akasema, “Mzee, mimi nilikuambia huko hawaulizwi. Ungenisikia mara moja tu, ningemaliza mkataba wangu.”

Nilikuwa na majibu kama matatu hivi. Nikaishika chupa ya kahawa. Huwaje mtu kuambiwa ukweli juu ya baraza lake, mbele ya watu, na kahawa yake mkononi mwa anayesema? Sasa najua. Huwa unamwongezea kahawa.

Kisha akaja Chirau. Huyo alikuwa amejiweka akiba miezi mitano, mwanangu. Alinianza kwa lango, akaja kwa kufuli, akaja kwa mwandiko, akaja kwa barabara zilizonyooka kama rula. Alinikumbusha mambo ya mwaka niliomwoa mamako, ambayo hayamhusu. Akaniita mfungwa aliyejifulia minyororo mwenyewe kisha akaisifu kazi yake. Watu walicheka mpaka mzee Fuad akashikwa na kikohozi, na mkewe akaja kumtazama, akamkuta anacheka, akarudi zake. Nami nilimjibu Chirau sawasawa, usidhani. Lakini kuhusu lango nilisema mbele ya wote: nimekwenda kulipima. Limelala. Kidogo.

Mama wa yule kijana wa Majengo aliyebebwa alipita alasiri akitoka sokoni. Chirau akampisha akakaa. Akatueleza tena tangu mwanzo, nguo alizokuwa amevaa mwanawe, gari lilivyokuwa. Tuliyajua. Tukamsikiliza. Alitaja jina la mwanawe mara nyingi, kwa sauti, na waliokuwa wakipita kichochoroni wakasimama. Sijui kama litamrudisha. Wala sikwambii kwamba hapa hakuna wa kutusikiliza kwa siri, huenda wapo. Mimi nimekaa nao wa huko siku nyingi bila kuwajua.

Vile vyuma nimevikata vipande. Kwa kipande kirefu nitanyoosha lango la madrasa, nikipata nafasi. Lakini si wiki hii, Chirau asije akadhani nimekimbizwa na maneno yake.

Tulikaa mpaka adhana ya isha. Tulisema juu ya mheshimiwa na mtaro, juu ya serikali, juu ya bosi wa Levi, juu yangu. Kisha tukainuka, kila mtu akachukua kikombe chake akakisuuza, tukaenda kuswali. Levi akaenda kwa mamake.

Mpaka naandika haya, hakuna aliyekuja kutuuliza majina.

Babako, Mzamil Shukri, fundi